Garsen ina vumbi na mafundi, kinachokosekana ni kiwanja

Kama hujawahi kuona hotirodi iliyoundwa kwa kuiga magari ya mbio za vumbi, chukua simu yako uitafute picha yake kabla hujaendelea kusoma. Tutakungoja.

Umeiona? Ni rodista ya viti viwili, haina paa, na mara nyingi haina hata milango. Pua imekonda na kuchongoka kama ncha ya mtumbwi. Madigadi hakuna. Ekzosi imepita ubavuni nje nje, bila aibu. Tairi za nyuma ni kubwa kuliko za mbele, na dereva ameketi chini, karibu anaburura makalio barabarani. Siku hizi gari kama hilo Marekani ni mchezo wa wazee wenye pesa, wanaolipaka rangi mara kumi na kulipeleka kwenye maonyesho likiwa limebebwa juu ya trela, lisije likaguswa na vumbi. Hapo ndipo unapoweza kusema, “Haya si mambo yetu.” Sisi tunasema ni mambo yako kabisa, hasa kama unaishi kati ya Minjila na Gamba na unajua kushika spana.

Ukweli ni kwamba wazee hao wanaiga kazi ya vijana waliokuwa hawana kitu. Kampuni ya Ford iliunda Model T kuanzia mwaka 1908 hadi 1927, zaidi ya magari milioni 15. Kufikia miaka ya 1930, gari hilo lilikuwa mkebe tu, limejaa kwenye yadi za vyuma chakavu, na kijana wa California angelipata kwa bei ya kutupa. Alichofanya ni kung'oa kila kitu kizito: madigadi, paa, kioo cha mbele, mara nyingine hata boneti. Kisha mwaka 1932 Ford ikatoa injini ya silinda 8 kwenye gari la mwananchi wa kawaida. Magari hayo yalipoanza kupata ajali na kutupwa, injini zake zikaishia mikononi mwa vijana. Mwili wa mkebe wa kale, moyo wa gari jipya lililogongwa. Hiyo ndiyo hotirodi. Hakuna aliyesomea.

Mbio zao zilikuwa za aina mbili. Wengine walikwenda kwenye maziwa yaliyokauka jangwani, kama Muroc na El Mirage, wakanyoosha mbio moja kwa moja wakipimwa kwa saa. Wengine walizunguka kwenye viwanja vya mviringo vya udongo, vingi vikiwa vile vile vinavyotumika kwa maonyesho ya kilimo. Wiki hii ng'ombe na mahindi, wiki ijayo injini. Kiwanja cha aina hii ndicho kilicholipa gari letu sura yake, na ukiangalia vizuri utaona kuwa karibu kila kinachoonekana kama pambo kilianza kama jibu la shida fulani.

Chukua hiyo pua nyembamba. Gari linapozunguka kwenye udongo kwa kasi na kwa dakika nyingi, injini inachemka. Pua inaelekeza hewa moja kwa moja kwenye rejeta huku ikiwa nyepesi na rahisi kubadilishwa ikigongwa. Ekzosi ya ubavuni? Njia fupi, moshi unatoka upesi, na ukitaka kuikarabati huhitaji kulala chini ya gari. Lakini kitu tunachokipenda zaidi ni vile vyuma vya duara vilivyochomelewa mbele, nyuma na pembeni. Kwenye mviringo magari yanabanana. Tairi ya mmoja ikipanda juu ya tairi ya mwenzake inayozunguka, gari linarushwa hewani kama mpira. Vyuma hivyo viliwekwa ili tairi zisipate kugusana.

Sasa jiulize, vyuma kama hivyo umeviona wapi? Kwenye bodaboda, bana. Simama hapo stendi ya Garsen dakika kumi tu uhesabu. Pikipiki iliyotoka dukani ikiwa ya watu wawili inarudi barabarani ikiwa na vyuma vya kulinda miguu ya dereva, keria iliyoongezwa nyuma, shoki zilizotiwa nguvu, na kiti kilichoshonwa upya ili abebwe mama, mtoto na gunia la maembe. Mhandisi aliyeichora Boxer au TVS hakuijua barabara ya kuingia vijiji vya delta baada ya mvua. Fundi wa Garsen anaijua. Ameangalia shida, akachukua chuma, akachomelea. Hajawahi kuisikia California, lakini kichwa chake na cha yule kijana wa Model T vinafikiri sawasawa.

Na kama unadhani tunatia chumvi, tazama nchi yenyewe. Nganya unayoipiga picha ukifika Nairobi haikuletwa na meli ikiwa vile. Kinachoingia karakana ni chasisi yenye injini na usukani, mara nyingi Isuzu. Mwili mzima, kuanzia sakafu hadi paa, viti, madirisha na ile michoro, vinajengwa na mafundi wa hapa hapa kwa mabomba ya chuma, mabati na moto wa kuchomelea. Hiyo ni kazi ya kuunda gari kwa mkono, na imelisha familia nyingi miaka nenda miaka rudi. Kuna wakati polisi walikuwa wakikamata matatu kwa sababu ya michoro, mpaka mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta mwenyewe akasema hadharani vijana waachwe wafanye sanaa yao. Yaani ilibidi rais azungumze ndipo rangi ionekane kuwa kazi.

Kwenye mbio nako tuna historia ambayo wengi tunaijua nusu. Safari Rally ilianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, na ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika kwenye barabara za kawaida za vumbi na matope. Joginder Singh, aliyeishinda mara tatu (1965, 1974 na 1976), alijifunza magari kwenye gereji ya babake Nairobi. Ushindi wake wa kwanza, akiwa na nduguye Jaswant, aliupata kwa Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya. Ilikuwa imeshatumika na kuchoka mikononi mwa wengine. Gari la mitumba lilishinda mbio ngumu kuliko zote duniani kwa sababu aliyelishika alijua kila nati iliyokuwa ndani yake. Na kama wewe ni dada unayesoma huku ukijiambia haya ni mambo ya wavulana, mtafute Orie Rogo Manduli, aliyekuwa Miss Kenya, kisha miaka ya 1970 akaingia Safari Rally na kuendesha, wakati ambapo hakuna mwanamke Mwafrika aliyekuwa amethubutu.

Halafu kuna Rhino Charge, inayofanyika kila mwaka tangu 1989. Huko hakuna barabara kabisa. Unapewa vituo 13 na saa 10, na mshindi ni aliyevifikia vyote kwa umbali mfupi zaidi, si kwa kasi. Pesa zinazochangwa ndizo zilizosaidia kujenga uzio wa msitu wa Aberdare, wa karibu kilomita 400, uliokamilika mwaka 2009. Magari yanayoshinda huko hayanunuliwi dukani; yanakatwa, yanafupishwa, yanainuliwa na kujengewa kizimba cha vyuma kwenye karakana za hapa Kenya. Na iko otokrosi, ambayo ndiyo jamaa wa karibu kabisa wa mbio za vumbi za Marekani: mzunguko mfupi wa udongo, unashindana na saa, na kundi zima la bagi zilizojengwa kwa mabomba ya chuma, nyingine zikiendeshwa kwa injini za pikipiki. Hata watoto wana kundi lao, linaitwa Bambino. Mashindano hayo huandaliwa zaidi Nairobi na viunga vyake, uwanja wa maonyesho wa Jamhuri ukiwa mmojawapo, au kule Athi River. Tena kiwanja cha maonyesho ya kilimo, umeona?

Angalia nani anashiriki, lakini. Bagi ni kitu cha mabomba ya chuma na injini ndogo, kitu ambacho mafundi wawili wa Garsen wangekichomelea. Hata hivyo, anayekiendesha ni mtoto wa familia yenye trela, fundi wake binafsi na wikendi huru. Hatuna kinyongo nao, wanafanya vizuri. Tunachosema ni kuwa mchezo uliozaliwa na vijana maskini umefika kwetu ukiwa umevaa suti.

Serikali nayo ikikumbuka magari, huanza na ndoto kubwa mno. Mwaka 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya, hata kama lingekuwa na sura mbaya na la polepole. Yakaundwa matano, Nyayo Pioneer, yakaonyeshwa hadharani mwaka 1990, na moja likafikia kilomita 120 kwa saa. Gari lilikimbia, pesa hazikufuata. Miaka mingi baadaye likaja Mobius, gari gumu la bei nafuu kwa ajili ya barabara mbovu kama za kwetu. Kampuni hiyo mwaka 2024 ikatangaza kufunga kwa sababu ya madeni na kodi. Kila mara tunataka kiwanda kwanza. California hawakuanza hivyo. Kwanza huwa kuna vijana wengi wachafu wa mafuta, wanaovunja na kujenga kwa ajili ya kushindana wao kwa wao, na baada ya miaka ishirini mmoja wao anakuwa na karakana, mwingine anauza vipuri, mwingine anafundisha.

Tunakuja Garsen sasa, kwa sababu hapa ndipo jambo hili linapouma. Mji huu ni njia panda. Malindi iko kusini, kama kilomita 110. Hola, makao makuu ya kaunti, kaskazini. Lamu mashariki kupitia Gamba na Witu. Wengi wanaokwenda Lamu kwa barabara wanapita hapa. Lami imefika, na ni jambo jema, lakini lami imekuja na mchezo wake. Unajua tunachozungumzia. Saa tatu usiku, barabara imenyooka, pikipiki mbili, wenzako wanashikilia simu kurekodi. Mmoja amelala juu ya tangi akipunguza upepo, helmeti imeachwa nyumbani kwa sababu “inaficha sura”. Mbele kuna punda asiye na taa, au lori limeegeshwa.

Kila mwaka watu zaidi ya 4,000 wanakufa kwenye barabara za Kenya, na wengi wao si wenye magari. Ni watembea kwa miguu na watu wa pikipiki. Hatutakuambia kasi si tamu. Ni tamu, ndiyo maana unaifuata. Swali letu ni kwa nini mahali pekee unapoipata ni pale pale mama yako anapopita akirudi sokoni.

California walikuwa na shida hii hii. Baada ya vita vya pili vya dunia, vijana walirudi na pesa kidogo na ujuzi wa mitambo, wakageuza barabara za mji kuwa kiwanja. Magazeti yakawaita wahuni. Polisi wakakamata, mbio zikahamia barabara nyingine. Mwaka 1951 Wally Parks na wenzake wakaanzisha chama, NHRA, chenye kanuni: gari likaguliwe, dereva avae helmeti, mbio zifanyike mahali maalumu. Mashindano yao rasmi ya kwanza yakafanyika Pomona mwaka 1953, mwaka ule ule wa Coronation Safari huku kwetu, na polisi wa Pomona walikuwa upande wao. Sajini mmoja wa polisi hao, Bud Coons, mwaka uliofuata akaongoza kikundi kidogo kilichozunguka Marekani kikifundisha miji mingine jinsi ya kuandaa mbio salama. Kikundi hicho kilijiita, sikiliza vizuri, Drag Safari. Neno letu hilo. Walilichukua wakaenda nalo, na sisi tukabaki na faini.

Kwa hivyo ombi la ukurasa huu kwa Kaunti ya Tana River ni dogo: mzunguko mmoja wa udongo karibu na Garsen. Hatuombi lami wala jukwaa la wageni waheshimiwa. Ardhi tambarare ipo. Udongo wa delta ni wa mfinyanzi, na udongo wa mfinyanzi ndio wanaoutafuta watu wa mbio za vumbi huko nje, wakati mwingine wakiusomba kwa malori. Ukikauka unapasuka, kweli, ndiyo maana kabla ya mbio unamwagiwa maji na kushindiliwa, ukawa na mshiko kama mpira. Kinachotakiwa ni greda kwa siku chache, lori la maji, tuta la udongo la kuwatenga watazamaji, tairi kuukuu kwenye kona, ambulensi siku ya mashindano, na shirikisho la michezo ya magari nchini, KMSF, lije likague na kutoa kanuni zake.

Tunajua utakachoambiwa. Kaunti hii ilikauka mwaka 2022 mifugo ikafa, kisha mwishoni mwa 2023 na tena 2024 mto ukafurika, watu wakahamia kambini na barabara ikakatika. Zahanati hazina dawa, halafu nyinyi mnataka kiwanja cha kucheza na magari? Ni swali la haki na hatulikwepi. Jibu letu ni kwamba kijana anayeweza kuunda bagi inayostahimili mizunguko ishirini ndiye huyo huyo anayeweza kufufua pampu ya maji iliyonyamaza shambani, kurekebisha injini ya boti mafuriko yakija, na kuchomelea daraja dogo la kuingilia kijijini. Leo mitambo hiyo ikiharibika, fundi anatafutwa Malindi. Ushindani unamlazimisha mtu kujua kazi kwa namna ambayo darasa halimlazimishi. Chuma kilichochomelewa vibaya kikikatika mbele ya watu elfu, hutarudia kosa hilo.

Na liko jambo jingine ambalo watu wa hapa hawapendi kulizungumza mbele ya wageni. Mwaka 2012 na mapema 2013, zaidi ya watu 100 waliuawa katika delta hii, Wapokomo na Waorma, kwa sababu ya malisho, maji na siasa. Ukiwa na miaka 25 leo, ulikuwa mtoto wakati huo, lakini unakumbuka. Tangu hapo vikao vya amani vimefanyika vingi, chai ikanywewa. Hatuvidharau. Ila tunaona kwamba gereji ya pikipiki ni mojawapo ya sehemu chache mjini ambako mkulima na mfugaji wanakaa kwenye benchi moja wakisubiri, wakibishana kuhusu kabureta. Timu ya watu watano iliyochanganyika, yenye gari moja la kulinda jina lake, ni kikao kinachoendelea mwaka mzima.

Sasa tukuambie na usiyopenda. Ukijichomelea rodista yako, usiipeleke barabara ya Malindi. Gari la barabarani linahitaji usajili, ukaguzi wa NTSA na bima, na sheria ya bima ya mtu wa tatu haijali umetumia miezi mingapi kulijenga. Gari la mbio linabebwa juu ya kitu kingine mpaka kiwanjani. Pili, breki kabla ya injini. Vijana wengi huanza kwa kuongeza nguvu. Kijana mwenye akili anaanza kwa kusimama. Tatu, kizimba cha vyuma na mshipi si vitu vya woga. Rodista zile nzuri ulizoziona kwenye simu zinaiga magari ambayo hayakuwa na ulinzi wowote juu ya kichwa cha dereva, na watu wengi walikufa ndani yake kabla kanuni hazijabadilika. Iga pua, usiige hilo.

Na ukishajua kazi, itafutie karatasi. NITA inatoa mitihani ya ufundi ya serikali kwa madaraja, na huhitaji kuwa umekaa chuoni miaka miwili ili uifanye. Fundi wa jua kali anayejua kuchomelea au mitambo anaweza kujisajili akapimwa. Mwajiri wa Lamu, bandarini huko, hatakuja Garsen kukuangalia ukifanya kazi. Ataomba cheti.

Bajeti ya kaunti inatakiwa ifike bungeni Hola kufikia Aprili 30 kila mwaka, na kabla ya hapo lazima wananchi waulizwe maoni. Mikutano hiyo huwa na wazee, machifu na viti vingi vitupu. Jaza viti. Nendeni mkiwa mafundi, waendesha bodaboda na wasichana wa chuo cha ufundi pamoja, na msiende mikono mitupu: bebeni mchoro wa kiwanja wenye vipimo, orodha ya mashine ambazo kaunti tayari inazo, na barua kutoka kwa OCS inayosema angependa mbio hizo zitoke barabarani. Ya mwisho ndiyo ngumu kuipata. Anzeni nayo.